Mgombea wa Wodi ya Watoto

Jina alikuwa nalo, na lilikuwa limeandikwa kwenye beji upande wa kushoto wa sare yake, lakini sisi tulimwita Mgombea. Wagonjwa nao wakalidaka. Kuna baba mmoja wa Matai ambaye mtoto wake alilazwa kwetu wiki mbili kwa nimonia, na walipotoka akaandika barua ya shukrani kwa uongozi wa hospitali, akimtaja "Sista Mgombea" na kumwomba Mungu aibariki familia yote ya Mgombea. Barua ilibandikwa ubaoni. Mwenyewe aliisoma mpaka mwisho, akatoa kalamu mfukoni, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akaendelea na kazi. Jina hakuligusa.

Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na moja, yeye akiwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao hakuwa anagombea, au ametoka kugombea, au anajiandaa kugombea kitu fulani katika tawi letu la chama cha wauguzi hapa Sumbawanga. Aligombea ukatibu, akashindwa. Aligombea ujumbe wa kamati ya maafa, ambayo kazi yake ni kupika na kukesha misibani na ambayo mtu mwenye akili anaikimbia, akashindwa hata huo. Mwaka mmoja aligombea uenezi akiwa peke yake. Hakuna mwingine aliyechukua fomu. Wapiga kura wakaambiwa waandike Ndiyo au Hapana, na Hapana zikashinda. Mtu mwingine angeomba uhamisho. Yeye Jumatatu aliingia zamu ya asubuhi kama kawaida, akasema walau safari hii ameshindwa na wengi, hakushindwa na mtu.

Tulimcheka sana. Naandika hivyo mapema ili nisijifanye mwema baadaye. Tulimcheka kwenye chumba cha chai, tulimcheka kwenye kundi la simu, tulimwigiza anavyosimama. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na kwa sababu ya baridi ya huku juu alivaa sweta la bluu ndani ya sare, na juu ya sare sweta jingine la bluu, hata ukimtazama ubavuni sare yenyewe ilikuwa inachungulia tu. Akitaka kuomba kura alikuwa anafunga vifungo vyote vya sweta la juu, kimoja kimoja, kuanzia chini. Ukimwona amefika kifungo cha tatu, unatafuta pa kupitia.

Kampeni yake haikuwa na msimu. Alikuwa anasalimia watu wote, walinzi, wafagizi, wapishi, ambao hata uanachama hawana, maana alisema kura haina sare na mfagizi ana shemeji. Msibani alianza na wafiwa, akawapa pole kwa dhati kabisa, machozi yakimtoka, kisha akapita kwa wauguzi waliokaa kwenye mikeka, mmoja mmoja, akikushika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono hiyo ilikuwa ya baridi muda wote. Maji ya bomba ya Sumbawanga mwezi wa sita hayana huruma na mtu, na yeye alikuwa ananawa kila baada ya mtoto mmoja, watoto thelathini wodini, hesabu mwenyewe.

Tatizo lake kubwa ni kwamba hakujua kusifia. Mwanasiasa yeyote wa kata anajua kusifia. Yeye alijitahidi, akaharibu. Alimwambia dada mmoja wa wodi ya wazazi, mbele yetu, kwamba ni mchapakazi, ana roho nzuri, na angekuwa muuguzi bora mkoani kama angekata kucha. Dada yule alikuwa na ndugu wawili kwenye chama. Kura tatu zikaenda kwa ajili ya kucha. Na wiki moja kabla ya uchaguzi, wakati wagombea wenzake wanagawa soda, yeye aliandika kwenye kitabu cha ripoti kwamba muuguzi fulani amechelewa dakika arobaini. Nilimwambia, mama, huyo ni mpiga kura wako. Akanijibu kwamba anajua, ndiyo maana amemwandika kwa kalamu ya bluu, angekuwa mwingine angemwandika kwa nyekundu.

Ilani yake ilikuwa kwenye daftari la shule lenye jalada la karatasi ya kaki, na haikubadilika miaka yote niliyomfahamu. Alitaka wauguzi wa zahanati za mbali wapewe makoti ya baridi. Alitaka anayeingia zamu ya usiku akute chai. Na alitaka chumba chetu cha kubadilishia nguo kiwekwe mlango unaofungika. Basi, hayo tu. Hapo kwenye mlango ndipo ukumbi ulikuwa unaangua kicheko kila mwaka. Wagombea wengine walizungumza mambo makubwa, mikakati, majukwaa, ziara za mafunzo kwenye mikoa yenye bahari. Yeye anasimama na sweta zake mbili, anazungumza habari ya mlango. Akimaliza tunapiga makofi ya kumridhisha, halafu tunakwenda kubadilisha nguo tukishikiana kanga mlangoni.

Hakuamini mambo ya kulogwa, na katika mji huu hilo nalo lilikuwa linamnyima kura. Aliposhindwa ile mara ya peke yake, shangazi zake walikuja kutoka kijijini wakamwambia hiyo si bure, kuna mkono wa mtu. Akawapa chai, akawaambia uchawi haupigi kura, wanaopiga kura ni akina fulani na fulani, akawataja kwa majina, na mkono anaoujua ni ule ulioandika Hapana. Msemo mwingine aliokuwa nao ulihusu neno letu tamu la kila siku. Alisema mtu akikuambia "tuko pamoja", muulize pamoja wapi, saa ngapi. Lakini mwenyewe hakuwahi kuuliza. Ukimwambia tuko pamoja, uso ulikuwa unamchanua, anakuamini palepale.

Nisipoeleza habari ya mikono yake nitakuwa namwonea. Mtoto aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara na kutapika, mishipa yake inapotea. Unapapasa mkono, hakuna, mguu, hakuna, kichwani, hakuna, mama yake anakutazama, na wewe jasho linakutoka kwenye baridi ile. Hapo tulikuwa tunamwita Mgombea. Alikuwa anakuja, anapasha vidole vyake kwapani kwanza ili asimshtue mtoto, anashika kile kimkono, anafumba macho. Anafumba kabisa. Halafu anasema, "Upo hapa," na kanula ya dripu inaingia mara moja. Madaktari wenye shahada mbili walikuwa wanasubiri afumbe macho. Sikuwahi kumwona akikosa mara mbili kwa mtoto mmoja.

Kisukuma pia alijifunza ukubwani. Wafugaji wengi waliohamia bondeni na ng'ombe zao walikuwa wanaleta watoto kwetu wakiwa wamechelewa, na mama zao wengine Kiswahili kilikuwa kizito. Akamtafuta mlinzi mmoja Msukuma, akakaa naye kila mchana mwezi mzima, akatoka na salamu, na maneno ya wapi panauma, ameanza lini, amekunywa nini, usiogope. Asubuhi alikuwa anapita vitandani na salamu yake ya "mwangaluka" yenye lafudhi ya Kifipa, akina mama wanacheka, wanajisikia nyumbani. Sisi tukasema, anatafuta kura za Wasukuma. Wauguzi Wasukuma kwenye tawi letu walikuwa wawili, na wote wawili walizaliwa mjini, Kisukuma hawakijui.

Siku moja, tukiwa tunakunja mashuka, nilimuuliza kwa nini anajitesa. Mshahara wake haukuwa mbaya, watoto wake walikuwa wamemaliza shule, uongozi wa tawi hauna hata kiti chake, mwenyekiti anakaa kwenye benchi kama sisi. Alikunja shuka moja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Serikali ilinichagua kwa kuangalia vyeti," alisema. "Marehemu mume wangu alinichagua kwa kuangalia picha. Nataka nichaguliwe mara moja na watu wanaonijua."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Naye alicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kumfuata mwenzake kwenye kicheko. Siku hizi nikikumbuka lile shuka naona haya.

Sasa nije kwenye zamu, maana hapo ndipo habari yote ilipo. Asiyefanya kazi ya wodini hajui zamu ni kitu gani. Harusi ya mdogo wako iko Jumamosi, wewe una zamu Jumamosi. Mtoto anapata kipaimara, una zamu. Ratiba ikishabandikwa, dawa ni moja tu, umpate mwenzako akushikie, na mwenzako naye ana yake, kwa hiyo kushikiana zamu kwetu ni deni zito kuliko la chumvi. Mgombea alikuwa anashika zamu za watu wote. Hicho ndicho kilikuwa kitenge chake, ndiyo kofia yake na soda yake. Ulikuwa unamwendea na uso wa huzuni, hujamaliza hata sentensi, anakwambia nenda, nitakushikia. Kulipwa hakutaka. Alikuwa anasema neno moja tu, "Utanikumbuka," na wewe unasema, "Nitakukumbuka, mama," huku mguu mmoja uko nje.

Mimi alinishikia kipaimara cha mwanangu. Alinishikia siku nne nilipokwenda kumuuguza baba. Alinishikia siku ambayo nilisema naumwa, na nilikuwa siumwi, nilikuwa nimechoka tu, na nadhani alijua. Ukiuliza wodi nzima, ukiuliza hospitali nzima, hakuna aliyekuwa hajawahi kulala kitandani kwake kwa sababu Mgombea alikuwa amesimama mahali pake. Kisha uchaguzi unafika, tunaingia ukumbini, na sijui ni pepo gani, kila mmoja anafikiri kwamba kura za mama zipo nyingi, moja yangu haitampunguzia kitu.

Uchaguzi wake wa mwisho ulikuwa mwaka wa kustaafu. Alichukua fomu ya uenyekiti, na mpinzani wake alikuwa kijana mmoja afisa muuguzi aliyekuwa ametoka masomoni, mrefu, mwenye viatu vyenye ncha, anayetembea na kompyuta kwapani hata akienda msalani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na slaidi. Katika mkutano wa kwanza wa kampeni alituonyesha ukutani duara lenye rangi tano, kila rangi ni nguzo ya uongozi, na mishale ikitoka nguzo hii kwenda nguzo ile. Hatukuelewa mishale ilikuwa inakwenda wapi, lakini ilivyokuwa inaingia mmoja baada ya mwingine tulipendezwa sana. Mgombea alikaa mstari wa mbele, akaandika rangi zote tano kwenye daftari lake. Mwisho akamuuliza kijana, kwa heshima, mlango uko kwenye rangi ipi.

Safari hiyo alijipanga kuliko siku zote. Alikuwa amegundua, kwa hesabu zake, kwamba kinachomwangusha si kuchukiwa bali ni watu wake kukosa nafasi ya kufika ukumbini, kwa kuwa uchaguzi unafanyika Jumamosi na wao wana zamu. Kosa kama hilo asingelifanya mwalimu wala karani. Muuguzi tu ndiye anayeamini kwamba kila jambo duniani lingekwenda sawa kama ratiba ingepangwa vizuri. Basi akaichukua ratiba ya Jumamosi ile, akaipangua, akawapa ruhusa watu wake wote wa wodi ya watoto waliokuwa na zamu asubuhi, akajiweka yeye mwenyewe pamoja na mwanafunzi mmoja wa mazoezi. Mimi nilikuwa mmojawapo. Ile ilikuwa zamu yangu.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Mimi niende ukumbini asubuhi, nijiandikishe, nisikilize taarifa za mapato na matumizi ambazo hazina maana, kisha saa sita kamili nichukue bodaboda nirudi nimpokee, yeye aende ajieleze na kuomba kura. Wagombea walikuwa wamepangiwa saa saba. Kutoka hospitali mpaka ule ukumbi ni mwendo wa dakika kumi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia tuko pamoja.

Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo ada. Wakasema tusikae bure, chakula kiletwe mapema. Saa sita kasoro robo pilau ikaingia, na kachumbari, na kuku. Nikajiambia nile haraka niondoke. Nilipomaliza kula, msimamizi wa uchaguzi, mzee mmoja mstaafu aliyeletwa kutoka Matai ili asiwe na upande, akaomba watu watatu wa kumsaidia kuhesabu kura, na mtu akanitaja. Unajua mtu anavyojisikia akitajwa mbele ya watu. Nikasimama. Nikavishwa kitambulisho cha kamba shingoni. Nikatazama saa, ikawa saa sita na nusu, nikasema bado upo muda, nitamtuma mtu wa bodaboda. Simu nisingeweza kumpigia, maana simu yake ikiwa wodini ilikuwa inakaa kabatini imezimwa, sheria aliyoiweka mwenyewe na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaifuata. Mtu wa bodaboda sikumtuma. Sina sababu. Nimeitafuta miaka hii miwili na sijaipata. Nilikuwa nimekaa meza ya mbele, nina kamba shingoni, na soda baridi.

Wakaitwa wagombea. Kijana akasimama, akaomba taa zizimwe, duara likazunguka ukutani. Akaitwa Mgombea. Mtu akasema kutoka nyuma yuko wodini, ameshika zamu. Katibu akasema basi anajieleza kwa vitendo, na ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa mdomo.

Tulihesabu kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Mzee wa Matai alikuwa anafungua karatasi, anasoma, anatuonyesha, anaweka mezani. Kijana. Kijana. Kijana. Rundo likawa moja. Tulipofika karatasi ya ishirini nikaanza kusikia joto masikioni, kwa sababu yangu ilikuwa imeshapita na nilijua ina jina gani. Nilikuwa nasubiri za wenzangu. Nadhani na wale wenzangu wawili mezani walikuwa wanasubiri za wenzao. Karatasi arobaini na tatu zikaisha, na Mgombea hakuwa na hata moja. Wadhamini wake watano walioisaini fomu yake walikuwa ukumbini na walipiga kura. Ya kwake mwenyewe ndiyo haikuwemo, kwa kuwa ilikuwa wodini na mwenyewe.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema atamtangaza mshindi tu, idadi ataiacha, na hii sifuri ibaki humu ndani kati yetu wanne. Alisema amemzika mke wake mwaka ule na hajaona sababu ya kumuaibisha mama wa watu. Tukaitikia. Kijana akatangazwa, akabebwa juu.

Nilifika wodini saa kumi jioni. Alikuwa ameinama kwenye kitanda cha dirishani, anampima mtoto joto, sweta la juu amelivua na kumfunika yule mtoto. Vifungo vya sare vilikuwa vimefungwa vyote mpaka shingoni, na kwenye nywele alikuwa amepaka mafuta. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliuliza kama wamemaliza, nikasema wamemaliza. Akauliza nani, nikamtajia. Akauliza yeye amepata ngapi, nikasema hawakutangaza idadi.

"Lakini mimi nilikupa, mama," nikasema.

Hakuna aliyeniuliza hilo. Nililisema mwenyewe, na kitambulisho cha kuhesabia kura kilikuwa bado kinaning'inia shingoni mwangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu akubariki mwanangu, akanikabidhi zamu, mtoto kwa mtoto, kitanda kwa kitanda, akaenda kubadilisha nguo.

Wengine nao wakafuata. Kila mmoja kwa wakati wake, kwenye ujia, kwenye foleni ya dawa, nje ya kanisa, alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba yeye kura yake alimpa. Wapo waliolia. Mdhamini wake mmoja alimpelekea kuku nyumbani. Sisi wanne wa chumba kile ndio tuliojua, na watatu kati yetu tulikuwa kwenye foleni hiyo hiyo ya kunong'ona. Mwezi wa tisa akastaafu, tukamfanyia sherehe, kijana akatoa hotuba kama mwenyekiti, akamwita nguzo.

Miezi minne baadaye alinipigia simu nimtembelee Jumapili baada ya misa. Nyumba yake iko Katandala, ya matofali ya kuchoma, ua umefagiliwa. Nilimkuta ameanika ulezi kwenye turubai, anaupepeta, amekonda kidogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniingiza ndani. Alikuwa amepika ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, na sahani zilikuwa zimefunikwa mezani. Kabla ya kula akasema kuna jambo dogo la kiofisi.

Akaleta lile daftari la jalada la kaki. Kurasa za mwisho alikuwa ameandika majina, kwa mwandiko wake wa kitabu cha ripoti, kila jina na siku mwenyewe alipokuja kumwambia. Yalikuwa ishirini na tisa. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mwanafunzi, kwamba wapiga kura walikuwa arobaini na tatu, na watu ishirini na tisa wamemwambia kwa vinywa vyao, bila kuulizwa, kwamba walimpigia. Hawezi kuamini kwamba watu wazima ishirini na tisa, wauguzi wenye kiapo, wamwongopee mjane. Kwa hiyo alishinda, na aliyemnyang'anya ni yule mzee wa Matai, ndiyo maana alificha idadi. Barua ya malalamiko kwenda ngazi ya taifa alikuwa ameshaiandika, kurasa mbili, jina la mzee likiwa mstari wa tatu. Uenyekiti hautaki tena, alisema, amestaafu, autie wapi. Anataka waandike tu mahali fulani kwamba alichaguliwa. Kilichobaki ni shahidi mmoja miongoni mwa waliohesabu, na akanisukumia kalamu.

Niliishika ile kalamu. Nataka niseme ukweli wote: kwa muda fulani nilifikiri kusaini. Kusaini kulikuwa kwepesi kuliko kufungua mdomo. Lakini nikamwona yule mzee akifuta miwani yake, mtu pekee aliyemtendea wema siku ile, akiitwa mwizi uzeeni.

"Mama, usiipeleke," nikasema. "Hakuna aliyeiba."

"Basi nilipata ngapi?"

"Hukupata, mama. Hata moja."

Akavuta daftari, akaanza kupita kwenye majina kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, taratibu, akisimama kwenye kila jina. Kwenye jina la aliyeleta kuku alisimama zaidi. Nje upepo ulikuwa unapeperusha pembe ya turubai. Kidole kilifika juu kabisa, kwenye jina la kwanza, kikatulia.

"Hata wewe," akasema.

"Hata mimi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la maana, nguzo, maendeleo, damu changa.

"Yeye alikuwepo ukumbini, mama. Alisimama akatuomba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Alikuwa anajua, na alijua kwamba najua. Lakini kwenye makabidhiano ya zamu hakuwahi kumkubalia mtu aseme "si unajua". Ilikuwa lazima useme, kwa mdomo, mbele ya kitanda.

"Ulikuwa wodini, kwenye zamu yangu," nikasema. "Ulikuwa unanisubiri."

Akafunga daftari. Barua akaikunja mara mbili akaichomeka humo humo. Akakaa anatazama mikono yake, kisha akatingisha kichwa na kitu kama kicheko kikamtoka puani.

"Namhurumia mwenyekiti wenu," akasema. "Anadhani ana watu."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na uso wa kuyafuta. Akainuka, akaenda pembeni, akarudi na jagi la maji ya moto na beseni. Mimi ndiye niliyepaswa kumnawisha yeye. Niliposimama kumpokea akanikalisha kwa kunigusa bega, akainama, akanimwagia maji mikononi mpaka yakaisha, akafunua sahani.

"Haya, umefika," akasema. "Kula."